Chanzo: Kidole

1.

    tukio: kusogea
    kiasi: 120
    chanzo: kidole
    tukio: kidole kimeinuliwa

Msomaji, usiogope mistari hiyo. Kompyuta ya ofisi ya parokia iliiandika yenyewe, Jumatano moja saa nne asubuhi. Miwili ya kwanza ni kweli. Miwili ya mwisho ni uongo, na aliyeutunga ni mimi.

2.

TANGAZO

Waamini wote mnatangaziwa kuwa, kufuatia jina la mwamini aliye hai, Bibi Skolastika Nchimbi, kusomwa katika orodha ya marehemu kwenye Misa ya tarehe 2 Novemba, Katekista Otmar Hyera amesimamishwa kusoma na kufundisha hadi shauri lake litakaposikilizwa Jumapili ijayo, baada ya Misa ya kwanza. Waamini mnaombwa kuacha maneno ya pembeni.

Halmashauri ya Walei

3.

Maneno ya pembeni:

— Alimsoma makusudi. Si wanagombania mpaka wa shamba la kahawa tangu mwaka juzi?

— Na bibi mwenyewe aliitikia. "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Kwa sauti.

— Aliitikia?

— Nilikaa nyuma yake. Akaitikia vizuri kabisa, halafu akageuka akaniuliza, "Mwenzangu, hivi amemtaja nani?"

— Miaka ishirini na sita anawafundisha watoto wetu Amri za Mungu, kumbe moyoni

— Nyamaza, Mama Gaudensia anapita.

Nilipita.

4.

(Sehemu hii nimeiruka. Nitairudia.)

5.

Naitwa Gaudensia Komba. Nina miaka hamsini na mitatu. Mchana nashona kanzu za watumishi wa altare na sare za shule, kwa cherehani ya miguu. Jioni, siku tatu kwa juma, nasoma kompyuta kwenye chuo cha ufundi, pamoja na vijana wa rika la kitinda mimba wangu. Kabla ya kuwasha mashine hufanya ishara ya msalaba. Mwanzoni walinicheka. Siku hizi mashine ikigoma wanasema, "Mama Gau, njoo uipige msalaba."

Kazi yetu ya mwisho wa mwaka ilikuwa kuunda seva ya skrini. Ni programu inayokaa katikati: huku kuna kipanya na padi ya kugusa, kule kuna madirisha yaliyofunguliwa. Mkono ukifanya kitu, seva inaliambia dirisha. Dirisha halina macho. Linaamini linachoambiwa na seva.

Ofisi ya parokia ilikuwa na kompyuta kuukuu, programu zote kubwa zimeishinda. Niliiwekea seva yangu, ikaamka. Padri alinishukuru mimbarini na watu wakapiga makofi.

6.

Kutoka daftari langu, alivyosema Mwalimu Zenobi:

Gurudumu la kipanya linakwenda kwa mikato. Kila mkato, mia na ishirini. Gurudumu likisimama, ukurasa usimame hapo hapo.

Kidole juu ya padi hakina mikato. Kikiinuliwa, seva iseme: kimeinuliwa. Hapo dirisha lina ruhusa ya kuuacha ukurasa uteleze kidogo, kama mtu aliyesukumwa kwenye baiskeli.

Kwa hiyo taja chanzo. Siku zote. Gurudumu, au kidole.

(Kwa wino mwekundu, mwandiko wangu:) Seva haikisii nia ya mtu. Inashuhudia tu.

7.

Seva inasema:

Mimi sikuona mkono. Niliambiwa na kipanya: mkato mmoja. Mahali pa chanzo nilikuta neno limekwisha kuandikwa. Nikalisema. Dirisha likaamini, likauacha ukurasa uteleze. Mzee Katekista alikuwa ameshaacha kuzungusha. Alibonyeza pale alipoona jina, na jina likawa limepanda mstari mmoja. Ningejuaje?

Mimi nasema ninachopewa niseme.

8.

Katekista Otmar Hyera, mbele ya mwenyekiti wa halmashauri, kabla ya shauri lenyewe:

"Daftari la waamini kwenye kompyuta limepangwa kwa ukoo. Severini Nchimbi, marehemu. Chini yake Skolastika, mkewe, yuko hai. Familia iliomba Severini asomewe. Nilibonyeza kisanduku cha Severini. Nikaangalia karatasi ya maombi, nikaendelea na wengine. Majina yalikuwa mia mbili na kumi na manne, mwenyekiti. Altareni nilisikia jina lake likitoka mdomoni mwangu. Ningekatiza vipi? Orodha ya marehemu haikatizwi."

"Kwa hiyo kompyuta ndiyo iliyokosea?"

"Sijui kompyuta. Najua mkono wangu."

"Basi ni mkono wako."

"Labda."

9.

Bibi Skolastika, mlangoni kwake, nilipompelekea maharage:

"Kanisani siendi. Nimeshaombewa raha ya milele, benchi nalitafutia nini? Na Severini wangu je, yeye ambaye hakusomwa? Amesimama huko anangoja, anasema mke wangu amenipita foleni."

Alicheka. Kisha hakucheka.

"Ule mpaka, mwanangu, ni hatua mbili tu za udongo. Sikujua kama ananichukia kiasi hicho."

Ningeweza kusema pale.

Maharage aliyapokea kwa mikono miwili.

10.

Niliyoyafanya baada ya kuifungua seva na kujua:

nilirekebisha neno kwenye kompyuta ya parokia, nikaandika gurudumu;
nilisali novena;
nilifunga Ijumaa mbili;
nilishona vazi la altare bila malipo;
nilipeleka maharage (umeona).

Msomaji, tafuta kwenye orodha hiyo jambo ambalo Bwana aliniagiza.

Halimo.

4.

Sasa nimeirudia.

Kompyuta yangu nimeinunua ikiwa imetumika, na padi yake imekufa. Siku ya onyesho chuoni, kila kijana alikuwa anautelezesha ukurasa kwa vidole viwili, unakwenda kama maji. Mimi nina kipanya tu. Ukurasa wangu ungeruka mkato kwa mkato, kama kuku mwenye kilema.

Na mimi ni mtu wa cherehani. Najua utamu wa gurudumu linaloendelea mguu ukishaacha. Najua pia kwamba sindano nayo inaendelea, ndiyo maana mshonaji huweka kiganja kwenye gurudumu. Hilo nilijua tangu nina miaka kumi na saba.

Nikaandika kwamba kila gurudumu ni kidole. Na kwa kuwa gurudumu haliinuliwi, nikatunga na kuinuliwa. Pembeni nikaacha maneno haya, bado yapo:

    # kwa muda tu. nitarekebisha baada ya onyesho

Ukurasa uliteleza. Vijana wakasema, "Mama Gau, umetuacha." Mwalimu Zenobi alinipa alama za juu.

Ni seva hiyo hiyo niliyoipeleka parokiani. Sikurekebisha.

Usimshuhudie jirani yako uongo. Amri ya nane. Watoto wangu wote watatu walifundishwa na Otmar Hyera.

11.

Jumamosi saa tisa mchana alikuja nyumbani. Kesho yake ndiyo shauri. Akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, naomba unichapie barua. Mwandiko wangu sasa hivi siuamini."

"Barua gani, Katekista?"

"Ya kuacha. Andika: mkono wangu umezeeka, haunitii, naomba nipumzishwe."

"Hawajakusikiliza bado."

"Nimejisikiliza mwenyewe." Akaitazama mikono yake. "Juma zima nachambua maharage, mazima huku, mabovu kule. Mke wangu ananiuliza, wewe baba, tangu lini unanisaidia jikoni? Napima mkono. Maharage yote sikosei. Halafu najiuliza: kama maharage sikosei, kwa jina la yule mama nilikosea vipi, kama si kwamba moyoni nilitaka?"

Niliandika: Mkono wangu

Vidole vyangu vikakataa.

Kompyuta ya parokia nimeirekebisha. Hii ya nyumbani sikuigusa.

Nikafungua daftari la wateja wangu kwenye skrini, kando ya barua, majina na vipimo vya kiuno. Nikamsogezea kipanya.

"Zungusha gurudumu, Katekista."

"Mimi?"

"Wewe. Mkato mmoja tu. Sasa acha. Mikono yote miwili magotini."

Akaiweka magotini, kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza.

"Umeacha?"

"Nimeacha."

"Tazama."

Majina yalikuwa bado yanapanda. Moja.

Jingine.

Yakasimama.

Aliitazama skrini kwa muda wa Baba Yetu nzima. Nilijua, maana niliisali.

"Mama Gaudensia. Nani anaisukuma?"

12.

    tukio: kusogea
    kiasi: 120
    chanzo:

Mimi.

Nilimweleza yote: onyesho, neno, Severini, maharage. Hakuniangalia. Alirudisha mkono kwenye gurudumu, akazungusha mkato mmoja, akauondoa, akatazama. Akarudia. Akarudia tena. Nje kengele ya kitubio ililia, hakuna aliyeinuka. Barua yake ilikuwa bado wazi kando ya majina, na maneno mawili tu,

Mkono wangu