Kitambaa Alichookota Janelle

Kwenye video iliyomulikwa ukutani, ya mechi ya Ijumaa ya mpira wa Kimarekani, kijana wa timu ya shule ya Lodi alikuwa anavutwa mkono kwa mara ya nne. Hargens, mwenyekiti wa marefa wa kaunti, akarudisha nyuma, akaonyesha tena. Marefa kumi na saba walikuwa wamekaa kwenye kantini ya shule, kila mtu na bakuli lake la chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, kama kila Jumatatu jioni ya msimu.

"Haya, wakubwa. Mpira uko hewani. Beki anamshika mdakaji kabla haujamfikia. Hii ni nini?"

"Kosa!" wakaitikia kama darasa.

"Kosa la mchana kweupe," mzee Tieg akaongeza, mdomo umejaa. "Hata mama mkwe wangu angeliona, na yule haoni hata mlango."

Wakacheka. Delbert Kuhlmann hakucheka. Chili yake ilikuwa imeshaganda juu.

"Sasa," Hargens akasema, "kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa kilirushwa, halafu kikaokotwa, kosa likafutwa. Janelle, kilikuwa chako. Mbona ulikiokota?"

Janelle Sobotka alikuwa kwenye msimu wake wa pili tu. Jioni hiyo majina ya watakaochezesha mechi za mtoano yalikuwa yanapangwa, na lake lilikuwa ubaoni, na alama ya kuuliza pembeni.

"Nilikosea," akasema.

Masikio ya Delbert yakawaka moto. Ijumaa ile yeye ndiye alikuwa refa mkuu, mwenye kofia nyeupe. Na marefa wana desturi yao: aliyerusha kitambaa ndiye anayekiokota, mkuu anashauri tu, na mliyoambiana katikati ya uwanja hayatoki nje. Ndiyo maana Janelle alikuwa anameza lawama peke yake.

Zilikuwa zimebaki sekunde nane, Lodi wako nyuma kwa pointi tatu, na hiyo ndiyo nafasi yao ya nne, ya mwisho, kabla ya kupoteza mpira. Delbert alimkimbilia Janelle. "Mpira ule ulipita juu sana, binti. Hata angepewa ngazi asingeudaka. Haudakiki, basi hakuna kosa. Okota."

"Lakini alimvuta, mzee."

"Okota, nakwambia."

Akaokota. Mpira wakapewa wenyeji, Lodi wakafungwa, na mayowe yote yakamwangukia Janelle. "We dada, Krismasi nitakununulia miwani!" Mama mmoja alimfuata mpaka kwenye gari, akammwagia soda kwenye kioo. Delbert alikuwa kando ya gari la pili kutoka hapo. Aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Sasa, pale kantini, Delbert akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Mimi ndiye niliyemwambia aokote," akasema. "Nilimwambia mpira haudakiki. Hiyo ni sheria ya wachezaji wanaolipwa, wale wa Jumapili kwenye televisheni. Kwenye mechi za shule haipo. Nilichanganya."

Tieg akampiga begani. "Aa, Del! Nani hajawahi kuchanganya? Mimi niliwahi kuwapa watu nafasi tano badala ya nne!" Vicheko. Hargens akafuta ile alama ya kuuliza kwa kidole. Mtu akampa Delbert mkate wa pili, akaupokea, na nyama za uso zikamuuma kwa kutabasamu.

Delbert alipotoka, Janelle alikuwa amesimama nje karibu na mlango, koti mkononi.

"Asante, mzee," akasema. Lakini hakuondoka. "Kuna kitu nataka kuuliza. Ijumaa, kabla wenyeji hawajauanzisha mpira tena, ulinigeukia. Filimbi ilikuwa mdomoni kabisa. Ulinitazama muda mrefu."

Delbert akaangalia viatu vyake.

"Ulikuwa umeshakumbuka?"

Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Ile video ya ukutani haionyeshi kilicho kichwani mwa mtu. Kweli alikumbuka, pale pale, mpira bado uko chini na saa imesimama. Ilikuwa apige filimbi tu, aseme mbele ya watu elfu mbili kwamba Kuhlmann, refa kwa miaka ishirini na miwili, hajui sheria. Akaona aibu. Akaacha mchezo uendelee.

"Nilikumbuka," akasema.

Janelle hakupiga kelele. Bora angepiga. Alivaa koti lake polepole, mkono mmoja, halafu wa pili.

"Wale watoto wa Lodi walilia chini pale, mzee. Na humo ndani umepewa mkate."

Akaenda kwenye gari lake. Delbert alibaki na ule mkate kwenye karatasi, sukari inamnata vidoleni. Ndani watu walikuwa wanapanga viti, Hargens anafungafunga nyaya zake. Akausukuma mlango kwa bega.

"Jamani," akasema, na sauti ikatoka ndogo mpaka akarudia. "Jamani, kaeni kidogo. Sijawaambia yote."