Shubiri Iliyopotea kwenye Mita

Mama Dorothée alikuwa akikaza kamba ya mwisho kwenye fito wakati Gauthier wa komite ya kambi ya wakimbizi alipofika, mita ya kitambaa ikining'inia shingoni. Kibanda kilikuwa chembamba lakini kimesimama. Lilibaki bashi tu, turubai la plastiki la kuezekea. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yametanda juu ya uwanja wa ndege wa Bunia, na ndani, juu ya majani makavu, mumewe Josaphat alikohoa kikohozi kilichomshika walipokimbia vita kwao Nizi.

"Urefu mita mbili, Mama. Yenye kuzidi haipate bashi," Gauthier alisema, kama alivyowaambia wote.

Akapima. "Mita mbili na santimetre makumi mbili. Umezidisha."

"Mwanangu, angalia mwanzo wa mita yako."

Hakuna aliyehitaji kuangalia. Kambi nzima ilijua kwamba mita ile ilikuwa imekatika. Ilianzia kwenye namba ishirini. Shubiri nzima ya mkono wa mama ilikuwa imepotea, na kila kilichopimwa nayo kilionekana kirefu kuliko kilivyo.

"Ondoa hizo makumi mbili," Dorothée alisema. "Inabakia mita mbili kamili."

"Najua, Mama. Lakini chef wa kambi alisema tusome namba yenye tunaona. Nikiondolea weye, nitaondolea wote, na bashi haitatosha."

"Kumbe bashi ndiyo iko mufupi!" jirani yake Vahwere alidakia kutoka kibanda cha pili. Watu wakacheka.

Dorothée hakucheka. Alielekeza kidole ndani, kwa mumewe. "Basi pima na muzee."

"Mama..."

"Pima tu."

Gauthier alivua sapato zake zenye matope kabla ya kuingia. Dorothée aliliona hilo, na moyoni akamshukuru. Kijana akanyoosha mita kutoka kisigino hadi utosi.

"Mita mbili na santimetre tano," alisema kwa sauti ndogo.

"Nyumba mita mbili, muzee naye amezidi. Tumukate wapi?" Dorothée akauliza.

"Muanzie kwa miguu," Josaphat alisema katikati ya kikohozi. "Kichwa bado nakitumia."

Gauthier alikunja mita yake bila kuinua macho.

Dorothée akachukua panga. Alitandaza mkono kwenye ncha ya ufito wa urefu, kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akakata hapo. Akaendelea na wa pili, na wa tatu. Gauthier alimshikia kila mmoja usicheze. Kisha akapima tena, akasema, "Mita mbili," akampa bashi.

Mvua ilianza kabla ya fundo la mwisho kufungwa. Josaphat alijaribu kukunja magoti, lakini yalikuwa yamevimba kwa safari. Nyayo zake zikabaki nje. Vahwere akaja mbio na beseni lake la kufulia, akalifudikiza juu ya ile sehemu ya muzee iliyozidi.