Sikio la Kushoto la Mtungi

Tangu asubuhi nilikuwa nacheka ovyo, hata nikipiga mswaki, kwa sababu siku hiyo Anastase alikuwa anakuja Kavimvira kuniposa. Mtu mzima kama mimi, na meno yote nje.

Katika ukoo wetu wa wafinyanzi, mchumba haulizwi maneno mengi. Anafinyanga mtungi wa masikio mawili, anaujaza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kisha anashika sikio moja, na shangazi wa binti anashika la pili. Wanauinua pamoja. Sikio likibanduka, pombe inarudi kwao pamoja na mchumba wake. Shangazi yangu Bénédicte, mfinyanzi mwenyewe, alikuwa ameshamrudisha mmoja, nami sikumlilia. Huyu wa sasa ningemlilia mpaka ziwa lijae.

Anastase alifika kutoka Bwegera akiwa amevaa koti, jasho tele usoni. Tulipokuwa tunautua mtungi uani, akaninong'oneza kwamba hakumbuki kama alichanja mahali pa sikio la kushoto.

Niliziba mdomo kwa kiganja, na bado nacheka. Sikio halishiki kwa kugandamizwa tu. Unachanja mtungi, unachanja na sikio, unapaka uji wa udongo katikati, ndipo unabandika. Ukisahau kuchanja, linatoka motoni likiwa zuri kabisa na linakungoja uliinue. Na mimi nilijua alisahau lini. Ni siku niliyoingia kiwandani kwake kumwonyesha kitenge changu kipya, nikazunguka mara mbili ili aone na nyuma.

Haraka tukaugeuza mtungi, ili sikio baya liwe upande wake, aliinue polepole. Shangazi akatoka ndani, akatazama jua, akaamuru ugeuzwe tena, kwa kuwa yeye anataka kusimama kivulini.

Wakainua. Sikio likabaki mkononi mwa shangazi.

Anastase alijirusha akaukumbatia mtungi tumboni kama mtoto. Haukuvunjika, ila kasiksi ilimlowesha koti na suruali. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilianza. Shangazi hakucheka. Aliligeuza lile sikio, akapitisha kidole pale lilipobanduka. Palikuwa laini kama sahani.

"Wakati ulikuwa unabandika hii, weye ulikuwa unaangalia wapi?"

Anastase alijifuta kidevu. "Shangazi, minye nilikuwa naangalia Libérate."

Shangazi akaingia ndani. Nikajua amekwenda kuwaita wajomba waje kumsindikiza kwao. Lakini alirudi na mtungi wake wa chumvi, ule wenye sikio moja, ambao kila mmoja wetu tangu utotoni aliamini kwa siri kuwa ni yeye aliyeuvunja. Akazamisha mkono kwenye chumvi, akatoa sikio kuukuu, akaniwekea kiganjani. Pale lilipobanduka napo palikuwa laini, bila mchanjo hata mmoja.

"Hii mutungi ni ya posa yangu," alisema. "Mwaka yote munaionaka iko na sikio moja, na hakuna mwenye aliniuliza."

Akayatumbukiza masikio yote mawili ndani ya chumvi, akavuta kigoda karibu na mtungi wetu, akaomba mirija ya kunywea kasiksi iliyobaki.