Sauti Chini ya Mkono wa Senge

Sauti ile Beldina aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, katika chumba chake cha kukodi pale Shirere. Alisogeza maikrofoni juu ya sufuria ya obusuma, ugali uliochacha siku tatu, akatumbukiza vidole, akavikunja na kuvikunjua polepole. Osiako, mwongozaji wa filamu, alikuwa amemwomba "sauti ya kitu kinachooza kikiwa hai." Beldina, aliyehitimu juzi tu, aliifanya kazi hiyo huku akitabasamu.

Sasa, katika ofisi ya Osiako mjini Kakamega, aliona ilikowekwa.

Kwenye skrini, mwanamke muuaji aliyeitwa Khalayi alikuwa akimsindikiza mgeni hadi barabarani. Kamera ilikaa chini ya kidevu chake, mashimo ya pua wazi. Taa ya kijani ilimmulika kutoka chini. Lenzi ilikuwa karibu mno hadi uso ukaonekana umevimba, na macho hayakupepesa hata mara moja. Akamshika mgeni kifundo cha mkono. Ile sauti ya uchachu ikaanza kusikika.

"Utarudi lini? Taja siku," Khalayi alinong'ona. Kisha akamnyonga.

Beldina alibonyeza kitufe, picha ikasimama.

"Umeona?" Osiako alichekelea. "Daktari anasema huyu mama ana tatizo la haiba, halafu pap! Mkono. Watu watakimbia, dada."

"Huo ni mkono wa senge wangu."

"Si wewe ndiye uliniambia?"

Ni yeye kweli. Alikuwa amemsimulia kuhusu senge wake Selpher, dada ya baba yake kule Mautuma, ambaye hospitalini walimpa jina la tatizo hilohilo. Senge huishi na hofu ya kuachwa. Asubuhi anakupenda, mchana hataki kukuona. Kukiwa na kuku wa mgeni wa kuchinja, humwita jirani, maana yeye hawezi kutazama. Lakini mgeni hamwachilii barabarani mpaka ataje siku ya kurudi. Soko zima linamjua kwa hilo. Beldina alilisimulia ili muuaji wa filamu awe binadamu.

Na filamu ilikuwa ionyeshwe sokoni Mautuma Jumamosi.

"Toa," alisema. "Watoto watamfuata njiani wakimwigiza. Watu watamkimbia."

"Bila hiyo hakuna kinachoogopesha."

Beldina akafungua picha ya majaribio, iliyopigwa mchana, kamera ikiwa usawa wa macho, bila sauti. Mwanamke ameshika mkono wa mtu anayeondoka. Midomo inamtetemeka.

"Haiogopeshi," Osiako alisema, ila si kwa nguvu.

"Kwa sababu yeye ndiye anayeogopa. Ukiuacha mkono huo, naondoka na sauti zangu zote. Uwaonyeshe filamu bubu."

Osiako alimuuliza kama alisomea filamu au Sande skul. Akamwita mtoto. Kisha, akisonya, akaikata picha yote ya mkono ule kwenye filamu, mbele ya macho yake.

Jumamosi Beldina alikula kwa senge. Jua lilipopoa, senge akamsindikiza hadi barabarani, akasimama, akamshika kifundo cha mkono. Kiganja kilikuwa na joto, bado kimelowa maji ya kuoshea vyombo.

"Utarudi lini, Belda? Taja siku."

Na Beldina akaisikia ile sauti kichwani. Uchachu, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa. Ngozi ikamsisimka, mkono ukajivuta wenyewe.

Senge akaachilia haraka kama aliyegusa jiko. Akajipangusa kiganja kwenye leso, mara mbili, tatu.

"Ni mchafu?" aliuliza.

Safari hii hakukuwa na Osiako wa kumlaumu. Beldina akautafuta mkono ule ndani ya leso, akaushika yeye.

"Si mchafu, senge. Ni mimi. Nakuja Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Hii hii."

Senge akamtazama, akakaza vidole. Sauti ikarudi tena. Beldina akauacha mkono wake palepale.