Chuma Kilichochelewa Kupoa

Pale kiwandani fundi wa maabara aliitwa Mama Darubini, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Asubuhi hiyo alitamani aitwe chochote kingine. Shafti ya pampu ilikuwa imepasuka, meneja alitaka ripoti kabla ya saa sita, na aliyeigandamiza kwa mashine ikiwa na moto alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Alikata kipande, akakisugua mpaka kikang'aa, akakipaka tindikali, akakitazama kwa darubini. Chuma hicho kisichoshika kutu kina chembe za aina mbili zinazokaa pamoja kama mawifi: moja hulegea upesi kwenye moto, nyingine ni kaidi. Kikigandamizwa kingali na moto wa kutosha, hata zile kaidi huvunjika zikazaliwa upya, ndogo ndogo, za mviringo. Kikigandamizwa kimeshapoa, zile kaidi hurefuka tu kama tambi, na ufa hujipitia mpakani mwake. Samaki mkunje angali mbichi. Kazi yote ni hiyo.

Humu zilikuwa tambi tupu.

Haya, mtu hukosea. Akafungua droo, akatoa vipande vya miezi iliyopita, vile alivyovipitisha mwenyewe. Vya mwanzo wa mwaka vilijaa chembe za mviringo. Mwezi uliofuata zilipungua kidogo, uliofuata zikapungua tena. Kipimajoto kilikufa mwaka jana, na meneja, bahili yule, akasema jicho la kaka linatosha, maana kwa miaka ishirini lilikuwa likisoma rangi ya chuma bila kukosea. Hapo akakumbuka kaka alivyokisifu chuma mezani wiki jana.

"Chuma cha siku hizi kizuri, mdogo wangu. Hakipoi upesi. Unakigandamiza, unakigandamiza, bado kinawaka."

Naye alicheka, akamwongezea chai.

Aliwaza kuandika kwamba chuma kililetwa kibovu. Lakini mbele ya mashine ile husimama watu wawili wanaoshika chuma cha moto kwa makoleo, wakingoja neno la kaka, na siku moja kipande kingewapasukia usoni. Akiandika kweli, anamfukuza kazi mtu aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemsuka nywele vibaya kila Jumapili na hakuna aliyethubutu kumcheka. Na hata akiandika, macho ya kaka yanayofifia hayatarudi kwa ripoti. 

Saa nne akachapa karatasini picha ya ufa kutoka kwenye darubini, akashuka nayo. Kaka alikuwa kwenye benchi, glavu kando yake.

"Kaka, ndiyo shafti yenyewe. Nimeona heri uione wewe kabla ya meneja."

Kaka aliisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akairudisha. Darubini ilikuwa imeukuza ufa ukawa mnene kama kidole, mweusi, kutoka pembe hadi pembe.

"Aa, ufa mdogo tu," alisema. "Huu si wa kutunyima usingizi."

Dada mtu akaiacha picha mikononi mwake. Kaka akaanza kuipapasa karatasi, pole pole, juu hadi chini. Ilikuwa laini kila mahali. Wale wenye makoleo walipopita alijifanya anafuta vumbi, na walipokwisha kwenda akashusha sauti.

"Nionyeshe ulipo, mdogo wangu."

Dada akamshika kidole, akakiweka juu ya ufa.