Toboa, Kisha Fukia

Kila asubuhi maji ya nyumba yetu yalifanya kazi tatu kabla ya kupumzika. Yalianza kwa kuosha mboga, yakaenda kwenye vyombo, na mwisho niliyabeba kwenye beseni hadi nyuma ya jiko, kwenye tuta la matembele. Asubuhi moja ya Julai mwaka 2003 nilikuwa na beseni hilo kichwani nikapitia penye mtungi wa maji ya kunywa, nimchotee mwanangu Hafidha kikombe chake. Mtungi haukuwepo. Mahali pake palisimama dumu jeupe la lita tano.

Nilishtuka, maji ya vyombo yakanimwagikia begani.

Dumu lile nililijua. Wiki iliyopita nililiona shambani, chini ya mikorosho yetu, jirani yetu Saturnini alipomaliza kupuliza dawa kwa mashine yake. Mimi siwezi kuona karatasi yenye maandishi nikaipita. Chuo cha ualimu kilinizoesha hivyo. Kwenye karatasi ya dumu lile palikuwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili, na chini yake maneno: Usitumie tena chombo hiki. Kitoboe, kisha kifukie. Sasa karatasi ilikuwa imekwanguliwa yote, dumu likawa linang'aa kama sahani ya Idi.

"Mbuzi kavunja mtungi," mama mkwe wangu, Bi Mwanaima, aliniambia kutoka jikoni. "Baba yako kaamka alfajiri, kalisugua kwa mchanga na majivu mara tatu. Umeona lilivyotakata?"

Baba huyo ni Mzee Amri, baba mkwe wangu. Mume wangu, Rahimu, alikuwa Namungo akichimba dhahabu, anarudi kijijini kwetu Lionja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mzee, na mzee hakutupa kitu. Katambuga zake zilikatwa kwenye tairi la lori. Koroboi zetu zilikuwa makopo ya maziwa. Maganda ya mihogo yalikwenda kwa mbuzi, na samadi ya mbuzi ilikwenda kwenye matembele. Nilipoolewa pale nikitoka Ruangwa mjini, na cheti changu, nilijiona mjuzi wa afya na usafi. Kumbe mzee ndiye niliyejifunza kwake kuchemshia maji ya kunywa kwenye makaa yanayobaki baada ya ugali.

Kitu kimoja tu alijifunza kwangu: kibuyu chirizi. Nilichukua dumu la mafuta ya kula, nikalitoboa kwa msumari karibu na kitako, nikalitundika kwa kamba nje ya choo. Maji yakatoka uzi mwembamba, wa kunawia mikono. Mzee alilitazama siku nzima. Jioni akamwita mjukuu wake.

"Hafidha, mwambie mama yako, tundu lake ni zuri."

Ndivyo tulivyozungumza, mimi na yeye. Katika nyumba ile mkamwana hamsemeshi baba mkwe uso kwa uso. Neno linapita kwa mama, au kwa mtoto. Wengine wanaona desturi hiyo ni mzigo. Mimi, ambaye hata kwenye kikao cha walimu nilikuwa nanyoosha mkono nusu, niliiona kama kivuli. Nilikaa chini yake miaka minne bila kulalamika.

Siku hiyo kivuli kilianza kunibana.

"Mama," nilimwambia Bi Mwanaima, "lile dumu ni la dawa ya mikorosho."

"Lilikuwa. Sasa ni la maji."

"Dawa inaingia ndani ya plastiki, mama. Majivu hayaitoi."

"Mimi nimelinusa. Halinuki kitu." Akashusha sauti. "Mwanangu, mzee anajisifu tangu asubuhi. Ukimwambia dumu lake ni sumu, umemwambia anataka kumuua mjukuu wake. Wewe utaweza kusema hivyo?"

Sikuweza. Nikafanya ninachokiweza, yaani kufanya kimyakimya. Mzee akilijaza dumu, mimi namwaga maji yake mbali na tuta. Nilichemsha maji mengine, nikayaweka kwenye sufuria yenye mfuniko, nikampa kila mtu kikombe kutoka humo kabla hajaulizia. Hafidha nilimwambia dumu lina mdudu anayeuma. Mzee alishangaa jinsi maji yalivyokuwa yanaisha upesi, akalijaza tena, tena kwa furaha.

Siku ya nne, kabla ya kwenda shule, nilichukua msumari kwenye kopo lake la misumari na jiwe la kusagia pilipili. Nikaligonga dumu mara moja, karibu na kitako. Kitoboe. Nilitembea hadi darasani nikijiona jasiri, nimeokoa nyumba na sikumkosea mtu. Nilisahau kwamba maneno ya ile karatasi yalikuwa mawili.

Niliporudi mchana, mzee alikuwa amechuchumaa kando ya dimbwi dogo, dumu mapajani.

"Hafidha," alisema, "mwambie bibi yako, panya wa Lionja siku hizi wanatembea na misumari."

Bi Mwanaima alikohoa ndani ya kanga yake. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

"Tena tundu la duara," mzee aliendelea, analipapasa kwa kidole. "Panya fundi."

Hakukasirika. Hilo ndilo lingenitisha, kama ningekuwa na akili.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nachuma matembele, ungo umeshajaa nusu, niliposikia kicheko cha Saturnini upande wa choo.

"Aisee, Mzee Amri! Hata likitobolewa linapata kazi!"

"Kitu hakitupwi, bwana."

Nikainua kichwa. Kibuyu chirizi changu kilikuwa kimepasuka kwa jua mwezi mzima kabla ya hapo, na sikupata muda wa kutengeneza kingine. Mzee alikuwa amenitengenezea. Dumu jeupe lilining'inia kwenye kamba ile ile, maji yakichirizika kwenye tundu lile nililolitoboa mimi.

"Yapo mengine mawili kwangu," Saturnini alisema. "Nilete?"

"Lete. Tutayatoboa hivi hivi, mwalimu ayapeleke shuleni kwake, watoto wa watu wanawe."

Wakati huo Hafidha alikuwa chini ya dumu. Alikuwa ameinua uso, macho amefumba, kinywa wazi, ulimi nje, anaukinga ule uzi wa maji na kucheka.

Sikumbuki ungo ulivyoanguka. Nakumbuka nimemshika mtoto, namfuta ulimi kwa pindo la kanga.

"Tema! Tema mate. Tena."

Alitema, akaanza kulia. Mkono wangu mwingine ulikwisha kulitoa dumu kwenye kamba. Maji yalinilowesha hadi kiunoni.

Saturnini alitazama pembeni, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati mbaya. Mzee aliinama kidogo, akazungumza kwa upole kama kawaida yake.

"Hafidha, muulize mama yako, kimemkuta nini?"

Mtoto alivuta kamasi. Ujumbe ulikuwa kazi yake na aliijua vizuri. "Mama, babu anauliza kimekukuta nini."

Akanitazama, anasubiri jibu la kupeleka. Midomo yake ilikuwa bado imelowa. Nikaona kwamba neno nililokuwa nalo halikuweza kupita kwenye kinywa kile.

Nikainua macho. Miaka minne sikuwahi kumtazama mzee usoni. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikulijua.

"Panya ni mimi, baba."

Bi Mwanaima alitoka jikoni, akasimama mlangoni mkono kinywani.

"Mwalimu," mzee alisema polepole, "unasema na mimi?"

Nilimsogeza Hafidha nyuma yangu.

"Nasema na wewe, baba. Nimelitoboa mimi, kwa msumari wako, kwa sababu niliogopa kukuambia. Dumu hili lina sumu, hata tulioshe miaka kumi. Kila kitu cha nyumba hii nitakishona na kukitumia mpaka kiishe, kama unavyofanya wewe. Hiki sikitumii. Mwanangu hanawi humu, na watoto wangu wa shule hawanawi humu. Mzee Saturnini, yale mawili usiyalete. Yatoboe, uyafukie mbali na kisima. Hasira zako nitazipokea jioni, baba. Sasa hivi nipe jembe."