Nilivyomwoza Programu Yangu

Jana usiku, mto haujapata hata joto, nikaota namwoza binti yangu. Sina binti. Nina programu ya kuagizia maji ya boza, lile gari la tangi, niliyoiandika mwenyewe, na leo ndiyo siku ya kuwafungulia wateja. Ndotoni programu hiyo ndiyo binti, amekaa mkekani, amefunikwa shela, anaona haya.

Mama mkwe anaingia. Ni seva, ile kompyuta kubwa itakayoiendesha programu, mrefu kama kabati, amejifunga kanga, taa zake zinapepesa.

"Hujambo, mwanangu?" anamwuliza bi harusi.

"Sijambo."

Moshi unatoka chini ya shela.

"Mbona unafuka moshi?"

"Sijambo."

Shela inashika moto. Shangazi yangu, Bi Zainabu, anammwagia jagi zima la sharubati.

"Sijambo," anasema bi harusi, akichuruzika.

Mama mkwe ananigeukia. "Mkwe, huyu anakuja kuishi kwangu. Akiumwa nitajuaje?"

"Nimemfundisha adabu."

"Umemfundisha kuficha. Hatumchukui."

Aibu inanishika. Namvuta binti chumbani nikamfunde upya. Nafungua mlango, tunatokea juu ya boza linalokimbia barabarani. Wakwe wanatufuata mbio na sahani zao za pilau.

"Sema kila kinachokupata!" namwambia.

"Nimevuta pumzi," anaanza. "Nimetoa pumzi. Nimeona inzi. Inzi kaondoka. Naungua. Nimevuta pumzi. Inzi karudi."

Maneno yanadondoka kama kokoto, yanajaa ndani ya boza, maji yanafurika.

"Mwasiti!" Shangazi anapiga kelele kutoka nyuma. "Mtoto kasema anaungua, kalifukia neno hilo chini ya mainzi! Nani atasikia?"

Boza linasimama lenyewe. Nachuchumaa mbele ya binti yangu. Nikimkosea mara hii, anarudi nyumbani.

"Ukiwa mzima, itikia salamu, basi. Ukiumwa, sema wapi, tangu lini, na tukusaidie nini."

Anafikiri kidogo.

"Tumbo, mama. Limejaa tangu uliponilisha risiti za majaribio. Nitolee zile za zamani."

Mama mkwe anapiga vigelegele kwa feni zake zote. Kisha anakaza uso. "Na akiambiwa alale?"

"Lala," namwamuru.

Halali. Kuna mzee hajapata pilau. Bi harusi anampakulia kwanza, anamnawisha mikono. Anawatazama wageni wote.

"Nataka kulala. Mwenye haja aseme sasa."

Wageni wanaendelea kula pilau. Analala.

"Tunamchukua," anasema mama mkwe, na kwa furaha anakanyaga mguu wangu.

Nikaamka, simu inalia. Alikuwa Kisesa, mwenzangu wa kazini.

"Dada Mwasiti, uliigusa programu usiku?"

"Ndiyo kwanza nafumbua macho, kaka."

"Basi sielewi. Nimeiamuru izime ili niiwashe upya. Haijazima. Imemaliza kwanza oda moja ya majaribio, halafu imeandika kitu."

"Imeandika nini?"

Akasoma polepole. "Mwenye haja aseme sasa."